Mabaki ya Fundi

Fundi wangu wa Ngamiani hutia vipande vyake vya kitambaa kwenye mfuko wa sandarusi alioutundika msumarini, nyuma ya cherehani. Mfuko ukijaa anaufunga kwa utepe, anausukuma pembeni ya baraza, na anayewahi ndiye mwenyewe. Mara nyingi wanaowahi ni vijana wa makochi, wanakwenda kujazia mito. Wakikosekana hao, watu wa gereji wanataka matambara ya kufutia oili. Siku moja ya Februari niliwahi mimi.

"Shikamoo fundi. Mfuko huu una mwenyewe?"

"Marahaba binti yangu. Chukua. Unajaza mito?"

"Hapana, nashona mfarishi."

Akaniangalia juu ya miwani. "Mfarishi. Tanga hii?" Mteja aliyekuwa akipimwa kiuno akaangua kicheko, fundi naye akacheka, futi ikamteleza ikabidi aanze kupima upya. Sikuwalaumu. Tanga ya Februari hata shuka jepesi unalipiga teke usiku, sembuse tandiko la tabaka tatu. Nikamwachia elfu mbili ya chai, nikajitwika mfuko wangu.

Mfarishi wenyewe haukuwa wa Tanga. Ulikuwa wa shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili wa shule ya msingi, aliyejenga Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kipupwe kikiingia, simu zake huanza na baridi kabla salamu hazijaisha. Mablanketi anayo, ila hayapendi. Anasema ya siku hizi yanatoa cheche gizani kama waya mbovu. Alitaka kitu kizito cha pamba, cha kumkandamiza. Yeye ndiye aliyenirudishia hili neno mfarishi, ambalo vijana wengi hawalijui tena. Ni tandiko la tabaka, lililojazwa kitu katikati na kushonwa lisihame. Wazee wetu walilichukua kwenye Kiarabu cha kutandika, na mimi naona linatosha kabisa, sina haja ya kuazima jingine.

Nilipofika nyumbani nikamwaga mfuko mzima juu ya mkeka. Nilitegemea fujo. Nilichokiona baada ya kuchambua kwa saa nzima ni kwamba maumbo yalikuwa machache mno na yalikuwa yanajirudia. Nusu duara ndogo: hizo zilikatwa penye shingo. Miezi michanga: makwapa. Pembetatu ndefu zenye ncha kama mkuki: ubavuni mwa sketi iliyobana juu na kupanuka chini. Kanda nyembamba ndefu zenye maandishi ya kiwandani pembeni: miisho ya kitenge, ambayo fundi huiondoa kabla ya kitu kingine chochote. Kila kipande kwenye mfuko ule kilikuwa mahali ambapo gauni halikufika. Nilikuwa nimeshika tundu la shingo ya mwanamke nisiyemjua, la kitenge cha samaki wa bluu, na bila shaka wakati huohuo yeye alikuwa amekaa kwenye sherehe ya mtu, samaki waliobaki wakiwa mwilini mwake.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu watu huniuliza, "Unabunije bila ramani?" yaani bila mchoro wa kukatia, wakidhani nakaa mbele ya meza tupu nikisubiri jambo lishuke. Meza haijawahi kuwa tupu. Fundi ameshakata, mimi nimefika baadaye. Maumbo yamo ndani ya mfuko, na kazi yangu ya kwanza ni kuyasoma.

Mfuko una misimu pia. Ule wa Februari ulikuwa umejaa sare za shule, maana Januari yote fundi hashoni kitu kingine: tetroni ya bluu iliyokolea, kijani cha chupa, shati nyeupe. Ukiuchukua kabla ya Idi utapata satini, lesi na weusi wa mabaibui. Msimu wa harusi unakuta kitenge kimoja kilekile kimejaa mfuko mzima, kwa sababu ukoo mzima umeshona sare. Huo wa harusi huwa siuchukui. Rangi moja tupu inachosha, na isitoshe, najua mtu yeyote wa mtaa wetu atauangalia mfarishi na kusema, "Aa, hii si ile ya harusi ya fulani?"

Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu njia ya adabu. Nilipakua ramani ya bure mtandaoni, nyota za pembe nane, nikaenda kuichapisha steshenari. Mashine ikaibana kurasa ili zienee kwenye karatasi, mimi nisijue. Pembetatu nikazikata kwa kigezo cha karatasi, miraba nikaikata kwa rula kama maelezo yalivyosema. Nilikuwa nimeshakata vipande 60 nilipoanza kuviunga na kuona hakuna kona inayokutana na mwenzake: pembetatu zote zilikuwa zimepunjwa, miraba ilikuwa ya haki. Kosa langu, ningepima kwanza. Lakini hata zingekutana, ile ramani ilikuwa inanitaka nikanunue nusu yadi ya hiki na robo tatu yadi ya kile, kitambaa kipya dukani, nikikate vipandevipande kisha nikiunge tena. Bibi yangu angesikia hivyo angeniombea dua.

Nikaenda upande wa pili kabisa: bila ramani, bila sheria, chochote kwa chochote. Huo nao sikuumaliza. Niliunga kama futi tatu kwa futi tatu, nikautundika, nikaona kelele tupu, kama stendi ya mabasi alfajiri, kila kipande kinaita abiria wake. Rangi zetu ni kali. Kitenge hakikuumbwa kukaa kimya pembeni ya kitenge kingine. Ninao hadi leo, ndio naupangusia meza.

Kwa hiyo mfarishi wa shangazi niliupa sheria mbili tu, na zote zilitoka kwenye mfuko. Ya kwanza: kila mraba uanze na kipande kimoja cha fundi katikati, kikiwa na umbo lake, ila mipindo yote niinyooshe kwa mkasi mpaka kiwe na kingo nne au tano zilizonyooka. Ya pili: kila mraba uwe na walau ukanda mmoja wa ile bluu ya sare. Basi. Mengine yote niliyaacha wazi.

Kazi inakwenda hivi. Kipande cha katikati kinaungwa ukanda upande mmoja, robo inchi ya mshono. Unapiga pasi. Unakata kilichozidi kwa mkasi ili ukingo unyooke. Unageuza, unaunga ukanda mwingine upande unaofuata. Pasi, mkasi, geuza. Kwa kuwa pembe za kipande cha kwanza hazikulingana, kanda nazo zinakaa upogoupogo, na mraba unaonekana kama nyumba iliyojengwa kwenye mteremko. Ukishapita ukubwa unaoutaka, unalaza kigezo juu yake na kukata pande zote. Kigezo changu ni kadibodi ya boksi la sabuni, inchi 12 na nusu kila upande. Ile nusu inaliwa na mishono, inabaki 12. Kitanda cha shangazi ni tano kwa sita, yaani inchi 60 kwa 72. Nilihitaji miraba 42, sita kwa saba, nipate 72 kwa 84, ili inchi sita zining'inie kila ubavu na zaidi kidogo miguuni.

Usiruke pasi. Kama kuna neno moja la ufundi ninaloweza kumwachia mtu, ni hilo. Mtu akishona kanda kumi bila pasi, kila mshono unaficha uzi mmoja au mbili za kitambaa, na ukifika mwisho mraba umejikunja kama chapati iliyokaa muda mrefu jikoni. Jingine ni vipande vya mshazari. Yale makwapa na zile pembetatu za sketi zimekatwa kwa mshazari wa kitambaa, kwa hiyo zinavutika. Ukizivuta chini ya sindano zinarefuka halafu zinatengeneza mawimbi. Ziunge na ukanda ulionyooka, kila mshazari upewe mwenzake wa kuushika.

Nilipopata miraba 30 hivi nilianza kuitandaza sakafuni, na hapo ndipo ubunifu wenyewe unapofanyika, si kwenye cherehani. Nilipanda juu ya kiti. Ukiwa umeinama juu ya kitambaa unaona maua na samaki. Ukipanda juu unaona giza na mwanga. Nikapiga picha kwa simu, nikaiondoa rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Nilishtuka. Nyekundu na kijani, ambazo macho yangu yalikuwa yanaziona zinagombana, kwenye picha zilikuwa kijivu kimoja, hazitofautiani hata kidogo. Kilichokuwa kinatofautisha kweli ni ile bluu ya sare na yale mashati meupe. Miraba yote yenye nyeupe nyingi ilikuwa imejazana kona moja kama wageni waheshimiwa. Nikaisambaza. Nikaiacha sakafuni siku nne, watoto wanairuka wakienda shule, paka akaamua mraba wa samaki ni wake. Kila nilipopita na kikombe cha chai nilihamisha mmoja au miwili. Siku ya nne nilipita mara tatu bila kugusa kitu, nikajua imetosha.

Kipindi hicho nilikuwa nakesha naangalia picha za mifarishi ya Gee's Bend. Ni kijiji cha watu weusi huko Alabama, Marekani, kwenye kona ya mto unaokizunguka pande tatu. Jina limetoka kwa Joseph Gee, aliyefungua shamba la pamba pale mwaka 1816. Mwaka 1845 shamba likaenda kwa Mark Pettway, na wengi wa wanakijiji, wajukuu wa watumwa wa shamba lile, wanaitwa Pettway mpaka leo. Wanawake wa pale walishona mifarishi kutokana na nguo za kazi zilizochakaa, suruali za jinzi zilizopauka magotini, mashati, magunia. Huna ramani ya kushonea suruali ya mume wako. Unaikata pale palipobaki uzima, na mahali palipokuwa na mfuko panabaki mraba uliokolea rangi kwa sababu jua halikupafikia. Mfarishi mzima unapangika kufuata hilo.

Mojawapo ya mitindo yao wanaiita paa la nyumba: kipande katikati, kanda zinakizunguka mpaka nje. Nilipouona nilicheka peke yangu, maana ndio uleule niliokuwa nimejifikisha kwa mfuko wa sandarusi. Na ule wa kufuata kichwa chako wana jina lake, ambalo kwa Kiswahili halihitaji zaidi ya neno moja: kivyangu.

Hadithi yao moja ndiyo iliyonikaa zaidi. Mwaka 1966, katikati ya harakati za haki za kiraia, wanawake wa eneo lile walianzisha ushirika wa kushona, Freedom Quilting Bee. Miaka minne kabla yake, 1962, watu walipokuwa wanavuka mto kwenda mjini Camden kudai haki ya kupiga kura, kivuko kilisimamishwa; hakikurudi mpaka 2006. Ushirika ulileta fedha, na fedha zilikuja na masharti. Maduka makubwa yalitaka bidhaa zifanane, kila moja kama mwenzake, kipimo kilekile. Mwaka 1972 kampuni ya Sears iliwapa kazi ya kushona foronya za kodrai, kile kitambaa kizito chenye michirizi, kwa mamia, zote sawasawa. Wanawake wakazishona kama zilivyoagizwa. Mabaki ya kodrai, ya dhahabu, kijani, nyekundu ya matofali, wakayabeba kwenda nyumbani, na yakatoka baadhi ya mifarishi mizuri kuliko yote kijijini, kila mmoja kivyake. Yaani kwa mwenye oda unashona ramani yake, na kile ambacho ramani haikukitaka unakishonea kitanda chako. Mfuko wa fundi tena.

Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa makumbusho ya sanaa ya Houston, kisha ikapelekwa New York na kwingineko, na mwaka 2006 ikatiwa kwenye stempu za posta za Marekani. Baadhi ya maandishi niliyoyasoma yanawasifu wanawake wale kana kwamba waliokota uzuri njiani bila kujua. Sikubali. Kijiji kile kilikuwa na desturi ya kuianika mifarishi nje kwenye kamba, na mtu akipita anaangalia za jirani, anarudi kwake na wazo. Ulizeni mwanamke yeyote wa mtaa wetu kama huwa haangalii khanga zilizoanikwa kwa jirani, na kama hajui mpangilio upi una akili na upi hauna.

Tena khanga yenyewe ni mtoto wa kuunga. Inavyosimuliwa, katika karne ya kumi na tisa wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wananunua leso, vile vitambaa vya mkononi vilivyoletwa na wafanyabiashara, vikiwa bado havijakatwa kimoja kimoja. Wakichukua sita, wanavikata vipande viwili vya leso tatutatu na kuviunga upande kwa upande, wanapata nguo moja ya kujifunga, mpangilio wanaoutaka wao. Wenye maduka waliona, wakaagiza zilizokwisha kuchapwa nzima, zikiwa na pindo na mji. Mombasa mpaka leo wanaiita leso. Kwa hiyo hata kabla ya khanga kuwa na jina lake chini, alikuwepo mwanamke barazani na sindano, anaamua kipi kikae na kipi.

Kuna ndugu wengine ninaopaswa kuwataja, maana walinifundisha mfarishi wangu wa pili. Kwenye jimbo la Karnataka, kusini-magharibi mwa India, wanaishi Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, wengi mababu zao walitolewa pwani hii ya mashariki, Msumbiji ikiwemo, wakapelekwa Goa na Wareno kama watumwa. Waliotoroka walijificha kwenye misitu ya milima ya Western Ghats, na vizazi vyao vipo huko. Wanawake wao wanashona tandiko linaloitwa kawandi. Mimi nilikuwa naanzia katikati naenda nje. Wao wanaanzia kwenye kona. Wanatandika nguo kuukuu chini, sari kwa mfano, wanaweka kiraka cha kwanza pembeni, wanakunja ukingo wake ndani na kuushona kwa mkono, mishono mifupi ya kwenda mbele, kisha kiraka kinachofuata kinapanda kidogo juu ya mwenzake. Wanazunguka hivyo, pembe hadi pembe, wakiingia ndani kidogo kila mzunguko, mpaka wanakutana na kati. Hakuna cherehani, hakuna kushona uso kwanza kisha mgongo: vinamalizika pamoja. Kona nne wanatia viraka vidogo vilivyokunjwa, wanaviita phula, maua. Kawandi isiyo na maua yake inahesabiwa iko uchi.

Nilijaribu kwa khanga kuukuu za mama. Ilinichukua miezi saba, jioni baada ya jioni, na subana kidoleni. Ugumu wake ni kwamba hakuna kupanda juu ya kiti na kuhamisha. Kiraka ulichokishona kimeshonwa. Kinachofuata lazima kikijibu. Ni kama kutunga shairi mbele za watu. Nilipofika katikati palikuwa pamebaki nafasi ya ajabu, umbo la mguu wa bata, nikaitafutia kipande saa nzima, na kilichoingia barabara bila kukatwa kilikuwa mwezi mchanga wa kwapa kutoka mfuko wa fundi.

Halafu nikaufua. Khanga moja nyekundu, mpya kuliko nyingine, ikatoa rangi na kuufanya mji wote mweupe kuwa wa waridi. Nilikuwa nimeiloweka na chumvi kabla, kama tulivyofundishwa wote. Naomba niseme: chumvi haikunisaidia, siki haikunisaidia. Kinachosaidia ni kuifua peke yake mara tano, sita, mpaka maji yatoke meupe, ndipo uikate. Na kitenge chochote usichokijua, chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Ya plastiki inajikunja na kuacha shanga ngumu nyeusi. Hiyo ya pili pasi ya moto itaiyeyusha, na utapiga pasi mara mia. Sare ya tetroni iko katikati ya hayo mawili, kwa hiyo niliipiga pasi ikiwa chini ya kitambaa kibichi.

Turudi kwa shangazi. Miraba 42 haikutimia. Mfuko uliniishia kwenye mstari wa mwisho, vipande vyeupe vikakatika kabisa, na fundi alikuwa bado na kazi za suruali za khaki. Nikachukua khanga mbili zilizokwisha upande mmoja, nikakata nilichoweza, nikamalizia kwa taa usiku. Katikati niliweka blanketi jembamba la pamba la mtumba, maana pamba ya tabaka kwa ajili hii siioni madukani kwetu, na sufi, pamoja na kwamba ni laini, inahama na kujikusanya kona ukishafua. Mgongo nikatia marekani.

Marekani ninalipenda hilo jina. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ndio walioleta Unguja ile pamba nyeupe isiyopaushwa, serikali yao ikapatana na Sultani Sayyid Said mkataba wa biashara mwaka 1833, na kitambaa kikabaki na jina la kwao hata baada ya wao kuondoka. Kilifumwa kwenye viwanda vya kaskazini kwa pamba ya kusini, iliyolimwa na watumwa kwenye mashamba kama lile la Gee. Nilipokuwa nimepiga magoti sakafuni napiga bandi tabaka zote tatu, uso wa vitenge, blanketi, na marekani chini, niliwaza hilo mpaka nikajichoma sindano.

Sikuushona mishono ya mapambo uso mzima. Cherehani yangu ya kukanyaga haiwezi kumeza unene huo bila kulia. Nilifunga mafundo: uzi mzito unashuka chini, unapanda juu robo inchi pembeni, unakaza fundo mara mbili, unakata. Fundo moja kila kona ya mraba na moja katikati. Kisha pindo, la bluu ya sare, mpaka ikaisha kabisa.

Nikapanda basi asubuhi, Muheza, Korogwe, mpaka Mombo, halafu ile barabara ya kupinda kupita Soni. Shangazi aliupokea kwa mikono miwili, akautandaza kitandani, akavaa miwani, akaanza kuusoma mraba kwa mraba kutoka juu kushoto, kama anavyosahihisha madaftari. Alitambua sare. "Bluu hii ya shule." Alitambua tundu la shingo. Alipofika mstari wa mwisho akasimama.

"Umeandika nini hapa?"

Sikuwa nimeandika kitu. Nilisogea. Zile khanga mbili za usiku: moja ilikuwa *Mgeni njoo mwenyeji apone*, nyingine *Wema hauozi*. Kwa haraka yangu nilikuwa nimekata jina la kila moja, na kwenye miraba miwili iliyopakana, bila mimi kuona, zilisomeka pamoja kwa herufi kubwa: MGENI HAUOZI.

"Wema hauozi, sawa," akasema. "Ngeli ya U. Mgeni ni ngeli gani?"

"A-WA, shangazi."

"Kwa hiyo?"

"Haozi."

"Mgeni haozi." Akatikisa kichwa. "Hata hivyo anaoza. Ndiyo maana siku ya tatu tunampa jembe."

Nikamwambia nitafumua nibadilishe, ni kazi ya nusu saa. Akasema chai inapoa. Usiku ule alilala nao, asubuhi hakusema lolote kuhusu baridi, na kwa shangazi yangu huko ni kusifu. Siku ya tatu kweli alinipa jembe, nikapalilia kabichi mpaka saa sita.

Asubuhi ya kuondoka niliingia kumtandikia. Ile U ya katikati ilikuwa imekatwa kwa uzi mwekundu, mishono miwili imepishana kama mkasi. Pembeni kabisa, kwenye pindo la bluu, kwa uzi uleule, kwa mwandiko wa ubaoni: 41/42.